Binti Amehitimu: Je, Daraja Lake Lina Uzito Gani?

Kila mwaka Desemba inapoingia, milima yetu hujaa watu. Magari huiacha barabara kuu inayopita Himo, yakapanda taratibu kuelekea Kilema, Marangu na Mwika, yakiwa yamebeba watoto na wajukuu waliotawanyika nchi nzima. Migomba hukatwa, mtori hupikwa, na kila nyumba huwa na sauti zisizosikika mwaka mzima. Jumapili watu wakitoka kanisani husimama uwanjani kusalimiana na kuulizana habari za watoto. Na hapo ndipo swali moja linapotoka, tena kwa upendo kabisa: "Nasikia mwanao amemaliza chuo kikuu. Hongera sana! Amepata daraja gani?"

Mama mmoja wa Kilema, ambaye ametukubalia tueleze habari yake bila kumtaja jina, analikumbuka swali hilo vizuri. Binti yake alisoma biashara na uhasibu huko Dar es Salaam kwa miaka mitatu. Mama aliuza ndizi, akauza maziwa, na mwaka wa mwisho akamwuza ndama aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya kubatizwa kwa mjukuu. Alipoulizwa uwanjani pale, alijibu kwa furaha kwamba binti amefaulu vizuri sana. Ukweli ni kwamba hakujua. Binti alikuwa amemwambia tu, "Nimemaliza, mama, namshukuru Mungu," kisha akabadilisha mazungumzo.

Desemba ile ikapita. Iliyofuata binti hakuja. Alisema ana shughuli. Mwaka wa pili alipokuja, mama alikuwa akitandika kitanda chake, akaiona bahasha ya kaki chini ya godoro. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya matokeo: wastani wa 2.9, daraja la pili la chini.

"Mwanangu, mbona umenificha?" mama aliuliza.

"Mama, wewe uliwaambia watu wote kwamba mimi nitakuwa meneja. Ningekuja kuwaambia nini?"

Mama anasema maneno hayo yalimchoma kuliko ile namba. Kwa miaka miwili binti alikuwa akiishi kwa aibu, hakuomba kazi hata moja kwa sababu aliamini daraja lake limekwisha kumfungia kila kitu, na mama hakujua lolote. "Sikumpoteza kwa sababu ya matokeo," anatuambia. "Nilimpoteza kwa sababu ya mdomo wangu."

Akina mama wenzetu, jambo hili linatuhusu wengi. Tumelipa ada, tumesali, tumengoja. Ni haki yetu kutaka kujua kama kazi yetu imezaa matunda. Lakini wengi wetu hatujui daraja la shahada linapimwaje, linafungua nini na halifungui nini. Matokeo yake tunakosea kwa namna mbili: wengine tunalifanya kuwa hukumu ya maisha, wengine tunasema halina maana yoyote. Yote mawili yanawaumiza watoto wetu. Hebu tulitazame pamoja.

Namba hizi zinatoka wapi?

Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania kila somo hupewa herufi, na kila herufi ina alama zake: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Masomo nayo hayalingani uzito. Lenye vipindi vingi huhesabiwa zaidi kuliko lenye vipindi vichache. Alama ya kila somo huzidishwa kwa uzito wake, zote hujumlishwa, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa jumla ya uzito. Wastani unaopatikana ndio vijana huuita GPA.

Tuchukue mfano mdogo. Mwanafunzi amepata A katika somo lenye uzito wa 3, na C katika somo lenye uzito wa 2. Mara 5 kwa 3 ni 15. Mara 2 kwa 2 ni 4. Jumla ni 19. Tukigawanya kwa 5 tunapata 3.8.

Wastani wa mwisho ndio unaoamua daraja. Kuanzia 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza. Kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Kuanzia 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini. Kuanzia 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Wote hao wamefaulu na wote ni wahitimu. Jirani akikuambia kwamba mwenye pasi "amefeli", mwambie kwa upole kwamba sivyo.

Jambo ambalo wengi hatulifahamu ni hili: kwa kawaida mwaka wa kwanza nao unahesabiwa. Kijana anayefika mjini mara ya kwanza, akaonja uhuru, akasema ataanza kusoma kwa bidii mwaka wa pili, anajichimbia shimo. Tuseme miaka yote mitatu ina uzito sawa, na mwaka wa kwanza amepata 2.4. Ili amalize na 3.5 itambidi apate wastani wa zaidi ya 4 kwa miaka yote miwili iliyobaki. Inawezekana, lakini ni mlima. Kwa hiyo wakati wa mama kuuliza habari za masomo ni Krismasi ya kwanza. Kwenye mahafali tumeshachelewa.

Milango inayouliza daraja

Tusidanganyane. Ipo milango ambayo daraja ndilo ufunguo wake.

Wa kwanza ni kufundisha chuo kikuu. Muundo wa utumishi wa wanataaluma katika vyuo vikuu vya umma, uliotoka mwaka 2014, uliweka wastani wa 3.8 kuwa kiwango cha chini cha shahada ya kwanza kwa anayetaka kuanza kama mkufunzi msaidizi. Tunamfahamu kijana wa kijiji hicho hicho cha yule binti, mtoto wa mjane, aliyepata daraja la kwanza katika hesabu na akabakizwa chuoni kufundisha. Kwake yeye daraja lilikuwa kila kitu.

Wa pili ni masomo ya juu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kwa kawaida hudai angalau daraja la pili, yaani 2.7, kwa anayeomba shahada ya uzamili. Mwenye pasi huweza kulazimika kuzunguka njia ndefu zaidi, mathali kuanzia stashahada ya uzamili.

Wa tatu ni ufadhili wa nje. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kusoma shahada ya uzamili Uingereza kwa kawaida humtaka mwombaji awe na angalau daraja la pili la juu. Baadhi ya mabenki na makampuni ya ukaguzi wa hesabu nayo huandika sharti kama hilo kwenye matangazo yao ya kuchukua wahitimu wapya.

Basi mzazi anayemwambia mwanawe, "Wewe pata cheti tu, hakuna anayeangalia namba," anamkosesha. Tunamfahamu mama mwingine aliyesema hivyo kwa nia njema, kwa sababu hakutaka kumtia mwanawe hofu. Kijana alimaliza na 2.5. Miaka minne baadaye mwajiri wake alitaka kumpeleka kusoma zaidi, na namba ile ikamrudisha nyuma. "Laiti ningaliambiwa," alimwambia mama yake.

Milango isiyouliza

Lakini milango mingine, tena mingi zaidi, inamtaka mtoto awe amehitimu na kisha inampima upya kwa mizani yake yenyewe.

Tuanze na serikali. Siku hizi ajira nyingi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira. Mwombaji anayetimiza sifa huitwa kwenye usaili: mara nyingi kwanza wa maandishi, kisha wa ana kwa ana. Mle ndani mwenye 4.5 na mwenye 2.9 wanapewa karatasi moja. Anayefaulu lakini nafasi zikawa zimejaa, jina lake huweza kuwekwa kwenye kanzidata na akaitwa baadaye. Walimu pia, ambao zamani walikuwa wakipangiwa vituo bila usaili, sasa wameanza kuitwa kwenye usaili huo.

Twende kwa wahasibu. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mitihani yake hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu hahitaji kuanzia mwanzo kabisa. Huanzia hatua ya kati, kisha ya mwisho. Anayemaliza akapata cheti cha CPA, waajiri wachache sana watarudi kuuliza alipata ngapi chuoni.

Wahandisi nao, baada ya shahada, hujisajili kwenye bodi yao na kufanya kazi chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kutambuliwa kuwa wahandisi kamili. Kwa madaktari ni tofauti zaidi: shahada ya udaktari wa binadamu hapa kwetu kwa kawaida haipangwi kwa madaraja kabisa. Kijana aliyesoma pale KCMC, Moshi, akihitimu anakwenda mwaka mzima wa mafunzo kazini, na hapo ndipo wagonjwa na wakubwa wake wanapomjua.

Wanasheria ndio wametupa funzo kali. Mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yalipotoka: katika wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Serikali iliunda kamati kuchunguza. Wote wale 633 walikuwa na shahada mkononi, na bila shaka baadhi walikuwa na madaraja mazuri. Daraja liliwafikisha mlangoni, halikuwapitisha.

Na iko njia ya kujiajiri. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa mwaka 2024. Huko wanataka kikundi, mpango wa kazi na uaminifu. Daraja la shahada halimo katika masharti.

Kwa nini tunaiogopa namba hivi?

Ili tuelewe hofu yetu, tukumbuke tulikotoka. Kilema ni miongoni mwa sehemu za kwanza za Uchagani kupata misheni ya Kikatoliki, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na pamoja na misheni ikaja shule na ikaja kahawa. Babu zetu waliona mapema kwamba kitabu ni kihamba kingine. Ardhi ilipozidi kuwa finyu, mtoto asiyepata kihamba alipewa shule. Hivyo elimu kwetu ilikuwa urithi, na urithi haukufanyiwa mzaha.

Siku zile wahitimu walikuwa wachache mno. Kabla ya uhuru, aliyetaka chuo kikuu katika nchi zetu alikwenda Makerere au ng'ambo. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wa sheria peke yao, nao hawakujaza hata darasa moja la shule ya msingi ya leo. Kwa miaka mingi baadaye mhitimu alipangiwa kazi na serikali. Aliyepata daraja la kwanza na aliyepata pasi, wote walikuwa na meza inayowangoja. Sasa vyuo ni vingi. Hapa Moshi peke yake tunavyo Chuo Kikuu cha Ushirika, Mwenge na KCMC. Wahitimu ni maelfu na meza ni chache. Ndiyo maana watu wanaishika namba kama kamba ya kuokolea.

Hata hivyo, taifa letu limewahi kujiuliza kama namba inatosha. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba kijana asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule, bali afanye kazi kwanza, na mwajiri wake atoe ushuhuda juu ya mwenendo wake. Nia ilikuwa njema, lakini sisi wanawake tuliumia: idadi ya wasichana waliofika chuoni ilishuka, kwa kuwa wengi katika miaka ile ya kungoja waliolewa na kupata watoto. Baada ya muda mfupi wasichana waliondolewa sharti hilo. Na Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha desturi ya kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa.

Na Mwalimu Nyerere je? Alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949, akahitimu mwaka 1952. Shahada aliyoichukua ilikuwa ile ya kawaida, yenye masomo mengi mbalimbali: uchumi, historia, falsafa na mengineyo. Haikuwa shahada ya heshima ambayo hupangwa kwa madaraja ya kwanza na ya pili. Alirudi akafundisha Pugu. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuuliza Mwalimu alipata daraja gani, kwa sababu hakuwa nalo.

Somo la kahawa

Sisi wa huku tuna mfano karibu zaidi. Kahawa yetu ikishakobolewa Moshi hupitishwa kwenye machekecheo yenye matundu ya ukubwa tofauti. Punje kubwa huitwa AA, zinazofuata A, kisha B, na kuendelea chini. Na zile za duara zinazokaa moja moja ndani ya tunda huitwa PB. Hayo ni madaraja, nayo yana maana: mnunuzi huyaangalia, na AA huanza na heshima.

Lakini hakuna mnunuzi mwenye akili anayeishia kwenye chekecheo. Kabla ya mnada sampuli hukaangwa, husagwa, humiminiwa maji ya moto na kuonjwa kwa kijiko. Chekecheo hupima ukubwa wa punje. Halijui kama kahawa ilichumwa ikiwa mbivu, kama ilioshwa vizuri, kama ilianikwa juu ya kichanja au ilitupwa chini ikashika harufu ya udongo. Ulimi ndio unaojua. Punje kubwa iliyoanikwa vibaya hushuka bei, na ndogo iliyotunzwa hupanda.

Basi GPA ni chekecheo. Inapima kitu cha kweli: bidii, kumbukumbu, nidhamu ya kukaa chini na kumaliza. Mwajiri ataiangalia, hasa kwa kazi ya kwanza, kwa kuwa hana kingine cha kuangalia. Lakini miaka mitatu au minne ikipita, ataonja. Atauliza: je, anafika kwa wakati? Fedha zikipita mikononi mwake zinabaki kamili? Anaweza kuandika barua ikaeleweka? Anaweza kukosolewa bila kununa? Na hayo, akina mama, hayafundishwi chuoni. Yanafundishwa jikoni kwetu, zizini na shambani.

Alama isinunuliwe kwa mwili

Kuna jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya. Baadhi ya mabinti zetu wamedaiwa miili yao ili wapewe alama. Mwaka 2020 TAKUKURU ilitoa matokeo ya utafiti wake juu ya rushwa ya ngono katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na jambo ambalo lilikuwa likinong'onwa likawa wazi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema kuwa ni kosa la jinai kwa mwenye mamlaka kudai upendeleo wa ngono ili atoe huduma au haki. Namba ya TAKUKURU ya kupiga bila malipo ni 113.

Tujiulize: binti yangu akikutwa na jambo hilo, atanipigia simu mimi? Au ataogopa, kwa sababu nimemwonyesha kwamba ninaitaka namba kuliko ninavyomtaka yeye? Mama aliyesema, "Usirudi hapa bila daraja la kwanza," huenda alisema kwa utani. Msichana aliyefungiwa ofisini na mtu mzima hausikii utani huo. Tuwaambie mabinti waziwazi, kabla hawajapanda basi: hakuna alama yenye thamani ya kuuza heshima yako. Ukirudia mwaka, nyumbani ni nyumbani.

Sisi mama tufanye nini?

Hatuwezi kufanya mitihani kwa niaba yao. Lakini yapo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

1. Kabla ya chuo, tuulize anapenda nini na anaweza nini. Watoto wengi hupata daraja la chini kwa sababu walisomea tulichotaka sisi. Kijana aliyelazimishwa sheria ilhali moyo wake uko kwenye mifugo, asilaumiwe kwa namba.

2. Mwaka wa kwanza, tumweleze kwamba kila muhula unahesabiwa. Tumwulize anataka kufikia mlango gani. Anayetaka kufundisha chuo au kusoma ng'ambo ajue tangu mapema kwamba anahitaji 3.5 au 3.8. Namba ikiwa na sababu, haitishi, inaongoza.

3. Akiwa likizo, tusimfanye binti mtumishi wa nyumba huku kaka yake akiachiwa asome. Kazi ni malezi, lakini igawanywe kwa haki.

4. Tusimtwike matatizo yote ya nyumbani kwa simu usiku wa kuamkia mtihani. Ng'ombe akiumwa, angoje siku mbili kusikia.

5. Matokeo yakitoka, neno la kwanza liwe pongezi. Maswali yaje kesho yake, naye akiwa ameshakula. Na kwa majirani tuseme, "Amehitimu, tunamshukuru Mungu." Inatosha. Namba ni yake, aitangaze mwenyewe akipenda.

6. Baada ya kuhitimu, tumsaidie kuandaa njia. Ahifadhi vyeti halisi, maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hayapokei karatasi za matokeo ya muda. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, vya shule na cha chuo yalingane. Yakitofautiana, atafute hati ya kisheria mapema. Ajue bodi ya taaluma yake na tarehe za mitihani yake. Akumbuke pia deni la Bodi ya Mikopo, ambalo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Mwenye daraja la kwanza na mwenye pasi wanakatwa sawa.

7. Asikae bure akingoja. Parokia, SACCOS, vikundi vya akina mama, zahanati, shule, wote wana vitabu vya kuandikwa na kazi za kufanywa. Ushuhuda wa mtu aliyefanya naye kazi miezi sita huweza kumfikisha ambako karatasi haikumfikisha.

Hilo la mwisho ndilo lililomwokoa yule binti wa Kilema. Baada ya siku ile ya bahasha, mama hakupiga kelele. Alikaa kitandani karibu naye, wakalia wote wawili. Kesho yake akampeleka kwa akina mama wa kikundi chake cha kuweka na kukopa, ambao daftari lao lilikuwa limevurugika kiasi kwamba hakuna aliyejua nani anadaiwa nini. Binti alikaa nalo wiki tatu. Alipomaliza kila mama alijua hesabu yake mpaka shilingi ya mwisho, na ugomvi wa mwaka mzima ukaisha.

Mmoja wa akina mama wale alikuwa na shemeji mjini Moshi aliyehitaji mtu wa kumsaidia hesabu za duka lake la pembejeo. Mshahara ulikuwa mdogo. Binti akaupokea, akajiandikisha mitihani ya NBAA, akasoma usiku. Mara ya kwanza baadhi ya masomo yalimshinda. Mara ya pili likabaki moja. Mara ya tatu akavuka. Leo ni mhasibu katika chama cha ushirika, na wanaomjia na risiti zao hawajawahi kumwuliza alipata ngapi chuoni.

"Ingekuwa 3.9 ningefurahi?" mama anajiuliza, huku akimenya ndizi za mtori. "Ningefurahi sana, sikufichi. Na labda njia yake ingekuwa fupi zaidi. Lakini siku hizi akifika getini namwangalia uso kwanza. Zamani nilikuwa naangalia mkono, amekuja na nini."

Katika Kiswahili chetu neno ni moja: daraja la shahada na daraja la kuvukia mto. Huku kwetu mito ni mingi na madaraja tunayajua. Likiwa imara unavuka upesi. Likiwa bovu unatafuta kivuko kingine, unalowa, lakini unafika. Aliyekwisha kuvuka hakai darajani kulisifu wala kulilaumu. Anaendelea na safari.

Desemba hii watoto watakuja tena. Mmoja wao huenda ana bahasha ambayo hajaamua kama ataionyesha. Je, katika nyumba yako ataona ni salama kuitoa?